Uso wa Sarafu ya Kumi na Tisa

Oresta alinipigia simu nikiwa ofisi ya walimu hapa Tabora, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, akaniambia mama yake amefariki na mazishi ni keshokutwa. Nilimpa pole, nikauliza baba yake anaendeleaje, nikauliza waombolezaji wamefika wangapi. Nilipokata simu, kitu cha kwanza kunijia hakikuwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, ndani ya basi, ikanikalia kifuani kutoka Sikonge mpaka Inyonga. Kitu cha kwanza kilikuwa hofu: itabidi niingie tena ile sebule ya mtaani Nsemulwa, nikae mbele ya baba yake, Mwalimu Kalisti, na ndani ya kabati nyuma yake litakuwepo lile trei la mayai. Nina miaka hamsini na mbili. Nimezika wazazi, nimeozesha binti, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule bila woga. Lakini nikikumbuka mwaka ule, bado najiona mtoto aliyeitwa ofisini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa narisiti. Kidato cha nne kilikuwa kimenitema, Kiingereza na historia hasa, na Mwalimu Kalisti alikubali nitoke kijijini kwetu Sibwesa nije kusoma kwake mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka. Alikuwa amefundisha Kilatini seminari kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Sasa alikuwa amestaafu, na mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika. Makubaliano yalikuwa mepesi: yeye atanisomesha, mimi nitamwandikia. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Oresta, akiwemo Mwalimu mwenyewe, kwa jina la mtoto wao aliyekwisha kuhama nyumbani, alinionyesha kitanda changu na ndoo ya kuogea, akasema, "Hapa hatuna makuu, mwanangu. Ila vyombo vyangu vinang'aa." Na kweli viling'aa. Sufuria alizisugua kwa majivu na mchanga mpaka unajiona ndani yake. Kila Jumamosi alishusha msalaba wa shaba ukutani, akausugua kwa limao na majivu, akaurudisha ukiwaka, kisha akahamia kwenye vitasa vya milango. Mchana tulikula samaki, migebuka mikavu iliyopikwa kwa karanga, na ugali wa muhogo, na Mwalimu alikuwa akitafuta miiba kwa vidole, taratibu, kwa sababu macho hayakuiona tena. Nilidhani ni uzee tu. Sikujua kwamba vidole vile vilikuwa vinajifunza kazi ya macho.

Kazi niliyotakiwa kumwandikia ilikuwa ndani ya kabati la sebuleni, kwenye trei la mayai la karatasi, lile la mashimo thelathini. Kila shimo, isipokuwa manne ya mwisho, lilikuwa na sarafu. Padri mzungu aliyemtangulia kufundisha Kilatini alimwachia kumi na mbili alipokuwa anarudi kwao kufa. Zilizobaki zililetwa moja moja na wanafunzi wake waliokwenda kusoma Roma, kama wengine wanavyoletewa rozari. Nyingi zilikuwa shaba, ndogo, zenye rangi ya kijani na kahawia, na mwanzoni sikuona tofauti yake na vifuniko vya soda vilivyokanyagwa na magari. Mwalimu alinifundisha kuona. Hii ya Wagiriki wa Sisilia, tazama fahali ameinamisha pembe. Huyu ni Kaisari wa Roma, hiyo miale kichwani ni ya jua. Hii ina mbwa mwitu anawanyonyesha watoto wawili wa binadamu. Mama Oresta, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, alisema, "Na hao watoto mama yao alikuwa wapi?" Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Nilikata majalada ya madaftari ya zamani kuwa vikaratasi, nikaandika namba na maelezo kama alivyonitamkia, nikaweka kila kikaratasi chini ya sarafu yake. Sijawahi kuwa na mwandiko mzuri kama wa mwaka ule.

Namba kumi na tisa ndiyo iliyopendwa na nyumba nzima. Ilikuwa kubwa na nzito, ya Wagiriki wa Konstantinopoli, wale waliojiita Warumi mpaka mwisho, na haikuwa na mfalme. Upande mmoja ulikuwa na Yesu ameshika kitabu, uso mwembamba, macho makubwa. Upande wa pili ulikuwa na maandishi matupu, mistari minne, ambayo Mwalimu aliyasoma akifuata kwa kidole: Yesu Kristo, Mfalme wa Wafalme. Mama Oresta alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuigusa. Kila mara aliomba kitu kile kile. "Mwalimu, nikimsugua kidogo tu, si ataonekana vizuri? Mgeni akija ataona tunamweka Yesu mchafu." Na kila mara Mwalimu alimjibu kwa upole ule ule. "Mama Oresta, hiyo rangi ndiyo ngozi yake. Imechukua miaka elfu kuota. Ukimsugua, humsafishi, unamchuna." Mimi nilisikia maneno hayo pengine mara kumi. Siwezi kusema sikujua.

Pale mjini, njia ya kwenda stesheni, kulikuwa na duka la mtu aliyenunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji. Deus, kijana aliyeimba besi kwenye kwaya yetu, alifanya kazi humo: kupima na kujaribu, kujua ipi dhahabu na ipi ni mchezo. Alivaa saa kubwa na aliongea kama watu wa redioni. Jumapili moja, baada ya mazoezi, nilimsimulia habari za sarafu, na nilizipamba. Aliponiuliza ni za nini nilisema shaba, kisha nikaongeza kwamba moja ina rangi ya njano kwenye mashavu. "Skola," akasema, "watu wa zamani hawakuweka uso wa Yesu kwenye shaba. Nyie mnakaa na mali humo. Ilete niiangalie, dakika mbili tu." Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliipeleka kwa ajili ya macho ya Mwalimu, kwamba kama ingekuwa dhahabu angetibiwa. Wazo hilo lilikuwepo, sikatai, lakini lilikuja nyuma. Lililotangulia ni kwamba nilitaka Deus anione mtu anayetoka nyumba yenye vitu. Alhamisi, Mwalimu akiwa amejilaza baada ya chakula, nilitoa namba kumi na tisa kwenye shimo lake, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu cha bluu, nikaenda.

Deus hakuipima hata kwenye mzani. Aliiweka kwenye kisosi, akafungua kichupa, akadondosha asidi. Tone moja, katikati ya uso. Nilitarajia aniulize kwanza. Sijui kwa nini nilitarajia hivyo, kwa maana ndiyo kazi yake, kila kinacholetwa pale kinadondoshewa. Povu la kijani lilipanda na kuchemka juu ya macho ya Yesu, na harufu yake ikanikaba koo. "Shaba," Deus akasema, akaifuta kwa pamba. Pale palipokuwa na uso palibaki doa jekundu, bichi, lenye vishimo vidogo vidogo. Pua haikuwepo. Jicho moja lilikuwa limebaki, la kushoto. Watu wawili waliokuwa wanangoja zamu yao walisogea kuangalia, na mmoja akauliza ni rupia ya Mjerumani? Deus akajibu, kwa kujitapa, "Ya zamani kuliko Mjerumani. Wanazo trei zima." Niliinyakua, nikaifunga kwenye pindo ikiwa bado na majimaji, nikatembea haraka mpaka Nsemulwa, paja likiniwasha mahali fundo lilipogusa.

Mama Oresta alikuwa kibarazani. Aliniuliza nilikopita, nikasema kanisani, akaitikia. Niliirudisha sarafu kwenye shimo lake, uso chini, maandishi juu. Mfalme wa Wafalme alionekana mzima kabisa. Jioni ile nilipofungua fundo la kitenge nilikuta asidi imekula matundu matatu, kingo zake za njano. Nilikisukuma chini ya godoro. Baada ya siku mbili nilikikuta kimefuliwa, kimekunjwa juu ya kitanda changu, na pindo limewekwa kiraka cha kitambaa chekundu, kwa mishono midogo ya Mama Oresta. Nilingoja aniulize. Wakati wa chakula aliniongezea mchuzi, akasema nakonda, mtihani usinimalize. Nikajiambia hajaelewa, mama wa jikoni atajuaje mambo ya asidi. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Halafu wageni wakaanza. Wa kwanza alikuja wiki ya pili ya Kwaresima, mzee mwenye koti, akaomba kwa adabu aonyeshwe rupia, zile sarafu za wakati wa Mjerumani. Alikuwa na punje za mchele kwenye kikaratasi. Alisema rupia yenyewe hasa huvuta mchele ukaruka ukagandia, na akiipata hiyo ana mtu wake wa kuinunua. Wengi kwetu huliamini jambo hili, na wamedhulumiwa kwalo vibaya. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamwekea fahali wa Sisilia mezani, wakausogeza mchele karibu yake. Punje zilitulia pale pale. Mwalimu akamweleza habari za Sisilia kwa nusu saa, na yule mzee akaondoka amechoka. Mama Oresta alicheka jikoni akijifunika mdomo. Mimi sikucheka. Wa pili walikuja wawili, hawakutaka kukaa. Wa tatu alitaja namba: alisema amesikia zipo ishirini na sita. Mwalimu akamwambia, "Umesikia vizuri. Umesikia wapi?" Yule mtu akasema mjini. Nilikuwa mezani na daftari la historia mbele yangu, na sikusoma neno hata moja. Tangu siku hiyo kila mbwa wa jirani alipobweka nilisimama. Hodi yoyote ilinifanya nitazame kabati kwanza, mlango baadaye.

Jumapili ya Matawi tulirudi kutoka misa tukiwa na matawi mikononi, tukakuta uani kumechimbwa. Mashimo saba, mapya, udongo bado mbichi: kwenye bustani ya mchicha, chini ya kamba ya nguo, na moja refu lililoingia chini ya msingi wa jiko mpaka ukuta ukapata ufa. Walidhani Mjerumani alifukia sanduku na sisi tumeokota za juu. Ndani hawakuingia. Mama Oresta aliinama akaanza kuchomeka miche ya mchicha iliyong'olewa, bado amevaa nguo za kanisani. Mwalimu alisimama na tawi lake, akapapasa ufa wa ukuta kwa kidole. "Nyumba hii ina watu watatu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Mmoja wetu amesema." Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa ikiingia. Kisha nikaona Sibwesa, nikajiona nikirudi na sanduku langu bila mtihani, nikafunga mdomo. Mama Oresta hakuinua kichwa kutoka kwenye mchicha.

Asubuhi ya Jumatatu Mwalimu alitaka trei. Alisema anataka kuhakikisha zote zipo, na hakuniita nimsomee. Alikaa nalo peke yake dirishani, na mimi nilifagia sebule iliyokwisha kufagiwa. Alizichukua moja moja, akazizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akazirudisha. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Alipofika kumi na tisa kidole gumba kilipita juu ya maandishi, kikageuza, kikasimama. Kilisimama muda mrefu. Kikarudi, kikapita tena pale palipokuwa na pua, kama mtu anayetafuta mwiba ndani ya samaki. Nilishika ufagio nikingoja jina langu. Hakulitaja. Aliirudisha sarafu kwenye shimo, akafunga kabati, akaniambia nikasome. Baada ya chakula walikuwa chumbani kwao, na ukuta kati yetu ulikuwa wa matofali mabichi usiofika juu. Nilisikia sauti ya Mama Oresta ikiongea peke yake kwa muda, chini chini. Neno nililoshika lilikuwa limao. Nikadhani anamtengenezea dawa ya kifua.

Tangu siku ile Mwalimu hakumwita mkewe tena. Sisemi kwamba alimgombeza, hakuwahi kumgombeza. Ila lile jina, Mama Oresta, ambalo lilikuwa likizunguka nyumba ile kutwa nzima, Mama Oresta maji, Mama Oresta sikia hii, Mama Oresta miwani yangu ipo wapi, lilikatika. Alipotaka maji alikwenda mwenyewe, akipapasa ukuta. Kabati lilitiwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye rozari yake shingoni. Pasaka tulikula kuku bila maneno. Mimi niliamini kwamba ananishuku mimi na mkewe kwa pamoja, na kwamba siku yoyote ataniita. Nilisoma kwa hofu hiyo. Nilikariri vita vya dunia na sentensi za Kiingereza kwa hofu hiyo, na naamini ndiyo iliyonifaulisha, kwa sababu nilipokuwa na kitabu usoni hakuna aliyeniuliza kitu. Mama Oresta alinichemshia uji kila asubuhi ya mtihani. Siku ninaondoka alinipa chupa ya asali na kunisindikiza mpaka barabarani, akasema, "Ukawe mwalimu mzuri, Skola. Usiwe mkali sana kwa watoto." Nilipanda lori nikiwa nimevaa kile kitenge chenye kiraka. Niliporudi kuwasalimia miaka iliyofuata jina lilikuwa limerudi nyumbani mle, Mama Oresta hiki, Mama Oresta kile, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba mambo yamepita yenyewe.

Mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa wamepungua, Mwalimu aliniita sebuleni. Amebaki mwili mdogo ndani ya koti kubwa, na macho yake yamekuwa meupe kabisa. Alitoa rozari shingoni, akanipa ufunguo. "Niletee trei," akasema. "Nataka kusikia mwandiko wako." Nikakaa karibu yake kama zamani, nikamsomea kikaratasi kimoja kimoja, naye akiipokea kila sarafu kiganjani na kuirudisha. Wino umefifia ila unasomeka. Fahali. Kaisari mwenye miale. Watoto wa mbwa mwitu, na hapo alitabasamu kidogo akauliza, "Mama yao alikuwa wapi?" Nilipofika kumi na tisa niliacha kusoma. Alinyoosha mkono, nikamwekea sarafu, na kidole gumba kikaenda moja kwa moja pale pale.

Nilimwambia. Nilianza na Deus na saa yake, nikamwambia kuhusu kichupa, povu, wale watu wawili dukani, kiraka cha kitenge. Nilisema yote bila kupumzika, nikitazama sakafu. Nilipomaliza, nje wanawake wa jumuiya walikuwa wanasugua masufuria ya msiba, na sauti ya mchanga ilisikika mpaka ndani.

"Asidi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siyo limao."

"Siyo limao."

"Ile Jumatatu mwenzangu alinipigia magoti," akasema. "Aliniambia ni yeye. Alimsugua kwa limao na majivu, apendeze kwa Pasaka. Na kwamba ni yeye aliyewasimulia wanawake wa jumuiya. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini, alikuwa anataka kumsugua tangu siku ya kwanza. Karibu mwaka mzima sikumwita, Skola. Halafu nikamsamehe. Nilimsamehe kwa maneno, mbele ya padri, nikaona nimefanya jambo kubwa. Naye akasema asante."

Nilikuwa naona mishono midogo ya uzi kwenye kitambaa chekundu. Mama Oresta alikuwa ameelewa yote tangu alipokishona kile kitenge, akaangalia nani ana cha kupoteza zaidi, akaamua. Nilitaka kumwomba Mwalimu radhi, lakini si yeye niliyetakiwa kumwomba, na niliyetakiwa kumwomba tulikuwa tumemfukia juzi, mimi nikiwa mstari wa mbele, nikiimba.

Mwalimu alifunga sarafu kwenye ngumi. "Toka nje kidogo," akasema. "Nifungie mlango."

Nilitoka, nikafunga, nikakaa kibarazani mahali alipokuwa akichambulia maharage. Dirisha lilikuwa wazi. Kisha nikamsikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwita mwenzake aliye jikoni.

"Mama Oresta."

Akangoja. Kisha akaita tena.